Maswali ya Wasomaji: Hita Inanguruma, Bafu Linapiga Umeme, Maji Yananuka

Kipupwe kimeingia, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza maji ya moto. Tumezijibu watu wawili, fundi bomba na fundi umeme, kwa sababu hita ni chombo cha wote wawili na ndiyo maana mara nyingi kila mmoja humtupia mwenzake lawama. Waandishi wengi wamemaliza barua kwa kuuliza wanunue hita gani mpya. Kati ya hawa saba ni mmoja tu tunayemwambia anunue.

Hita ina miaka mitatu, lita 50. Ilikuwa ikipata moto kwa saa moja na kidogo, sasa saa mbili zinapita na maji ni vuguvugu. Ikiwaka inanguruma, na Tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla) inakwisha mbio. Fundi kasema imekufa, nitie nyengine. Ni kweli? (Msomaji, Fuoni, Unguja)

Una maradhi mawili, na hayana uhusiano.

Kunguruma ni ukoko wa chokaa. Maji yetu ya visima yanapita kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo yanakuja na chokaa iliyoyeyuka ndani yake. Yakipashwa, chokaa hutoka na kuganda kwenye elementi, kile chuma cha kupashia maji ndani ya hita. Maji yaliyonaswa chini ya ukoko huchemka palepale na kupasuka mapovu. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia. Lakini ukoko peke yake hauichelewishi hita kiasi hicho. Elementi imezama, joto lake halina pa kwenda ila ndani ya maji. Inachofanya ukoko ni kuiunguza elementi yenyewe mpaka ipasuke ganda.

Kuchelewa tafuta kwenye umeme. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 26 hadi 60 kunataka yuniti 2 hivi. Elementi ya wati 1500 ikipata volti 230 inazimaliza kwa saa 1 na dakika 20. Umeme ukishuka hadi volti 180, elementi hiyohiyo inatoa wati 920 tu, na kazi ileile inachukua saa 2 na dakika 10. Volti zimepungua kwa asilimia 22 hivi, nguvu imepungua kwa karibu asilimia 40, na watu wengi hawalijui hili.

Mita yako ya Tukuza inaweza kukupimia bila ya fundi. Zima kila kitu nyumbani, friji pia. Fungua maji ya moto mpaka hita iwe baridi, funga, kisha iwashe yenyewe peke yake kwa nusu saa. Angalia yuniti kabla na baada. Kwa wati 1500 ziende 0.75. Zikienda 0.45 au 0.5, hita haipati umeme wa kutosha. Kama hazikwenda kabisa, themostati (kidude kinachokata umeme maji yakifika moto uliowekwa) imekata, au elementi imekatika. Na zikienda 0.75 sawasawa lakini maji ya bombani ni vuguvugu, basi moto unaingia na unapotea: ama mrija wa plastiki unaoshusha maji baridi chini ya tangi umevunjika, yakawa yanachanganyika juu na ya moto, ama kuna bomba la moto linavuja mahali usipopaona. Hapo ndipo Tukuza inapokwisha mbio, kwa sababu hita haizimi.

Ikiwa ni umeme mdogo, pima volti kwenye boksi la breka na kwenye vituo vya hita, hita ikiwa inafanya kazi. Kazi hii ni ya fundi umeme, usiifanye wewe. Boksi likisoma 225 na hita ikasoma 210, kuna kiungio kilicholegea au soketi iliyoungua, na utakiona kwa plastiki iliyogeuka rangi. Boksi lenyewe likisoma 185, na tena baina ya magharibi na saa 4 usiku, mtaa mzima uko hivyo. Washa hita alfajiri. Ukitaka kuoga saa 12 asubuhi, saa 10 na nusu inatosha.

Sasa ukoko. Zima breka, usitosheke na swichi. Hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme. Funga koki ya maji baridi, fungua bomba la moto la karibu ili hewa iingie, inua kijiti cha valvu ya usalama na uyatoe maji kwa mpira hadi yaishe. Piga picha ya waya kabla ya kuzigusa. Vuta themostati, fungua bolti za sahani inayoshika elementi, itoe pamoja na fimbo ya magnesiamu iliyo kando yake.

Ukoko mnene uvunje kwa kijiti cha mbao, usitumie bisibisi. Kisha loweka elementi kwenye ndoo ya plastiki yenye siki, au gramu 100 za asidi ya ndimu ya unga kwa kila lita ya maji ya moto. Vituo vya umeme vibaki juu ya maji. Saa 2 au 3 zinatosha. Usiiache ilale humo usiku kucha, asidi itaanza kula shaba. Asidi ya kusafishia vyoo usiitie kabisa. Ndani ya tangi chota vipande kwa mkono na usikwangue, kwani kuna ngozi ya enameli kama ya sufuria za zamani na ikichubuka, tangi litaanza kutu palepale.

Fimbo ya magnesiamu iangalie vizuri. Kazi yake ni kuliwa yenyewe ili tangi lisiliwe. Ikiwa imebaki waya wa katikati, au imekonda chini ya theluthi ya unene wake, weka mpya. Fuoni iangalie kila mwaka; kwenye maji ya chumvi, kila miezi sita. Mpira wa sahani nao badilisha, usirudishe wa zamani hata kama unaonekana mzima. Kaza bolti kwa kupishana, moja huku na ya pili upande wa pili, kidogo kidogo.

Kujaza: fungua koki ya baridi, acha bomba la moto wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila ya kutema hewa. Subiri robo saa, papasa kama kuna unyevu chini ya sahani. Ndipo uwashe. Hita nyingi zinazouawa na matengenezo zinauawa hapa, zimewashwa nusu tupu na elementi ikaungua kwa dakika chache. Themostati iweke kwenye 60. Juu ya hapo chokaa huganda kwa kasi zaidi, na chini sana ya hapo vijidudu hupata makazi.

Tuna nyumba ya wageni Jambiani, maji ni ya kisima chetu na yana chumvi kidogo. Shawa za umeme za kupasha papo hapo zinapiga mshtuko mdogo ukigusa koki. Fundi katuambia ni kawaida, tuvae kandambili. (Msimamizi)

Si kawaida. Zimeni breka za shawa hizo leo, kabla ya kumaliza kusoma jibu hili.

Fungueni moja muione. Ndani mtakuta waya uliojikunja kama springi, mtupu, unaoguswa na maji moja kwa moja. Kwenye maji matamu mpango huo unavumilika kwa sababu maji hayo hupitisha umeme kidogo sana. Maji yakiwa na chumvi yanaupitisha kwa wingi, na umeme unatembea kwenye mkondo wa maji mpaka kwenye koki na kwenye kichwa cha anayeoga. Kandambili hazimsaidii aliyelowa mwili mzima na mkono wake umeshika bomba la chuma.

Hapa tunasema nunueni. Ama shawa yenye elementi iliyofungwa ndani ya ganda la chuma, ambayo kwenye boksi lake imeandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi. Ama, na hii ndiyo tunayoipenda kwa nyumba ya wageni, hita ya tangi au ya jua inayohudumia vyumba kadhaa. Kwa maji yenu, tangi la chuma kisichoshika kutu liwe la daraja la 316, si 304. Chumvi huitoboa 304 vitundu vidogo, na vinaanzia kwenye maungio.

Hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni waya wa ardhi, na hapa wengi hudanganyika. Ardhi ya Jambiani ni jiwe na mchanga mkavu. Fimbo ya shaba iliyopigwa humo inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 au zaidi. Umeme ukivuja wote kwenye waya wa ardhi, 230 ukigawa kwa 100 unapata ampea 2.3. Breka ya ampea 32 haitikisiki kwa ampea 2.3. Inakaa imewaka, na bafu lote linabaki na umeme. Kwa hiyo waya wa ardhi peke yake hauokoi mtu. Lazima iwepo breka ya kuvuja, ile yenye kitufe cha majaribio, ya miliampea 30. Yenyewe hailinganishi umeme na ukubwa wa breka. Inalinganisha unaokwenda na unaorudi, na tofauti ya miliampea 30 inatosha kuikatisha.

Mwambieni fundi apige fimbo mbili au tatu zenye umbali baina yake, mahali panapobaki na unyevu, kama karibu na shimo la maji ya kuogea, aziunganishe na apime. Tunataka usomaji usizidi omu 200, na uwe chini zaidi kama inawezekana. Akija na shauri la kuunganisha waya wa ardhi na nyutro, waya wa kurudisha umeme, nyuma ya soketi, mshukuruni na mumlipe nauli ya kurudi.

Waya: shawa ya wati 5500 inavuta ampea 24. Inataka waya wa milimita za mraba 6, breka yake peke yake, na swichi inayokata nyaya zote mbili, iliyo nje ya mahali maji yanaporukia. Tunazijua nyumba ambazo shawa ya wati 3500 imechomekwa kwenye plagi ya pini tatu. Plagi hiyo ni ya ampea 13, shawa inataka 15, na harufu ya plastiki inayoungua huanza siku ya wageni wengi. Mkishamaliza yote, bonyezeni kitufe cha majaribio kila mwezi. Breka ya kuvuja iliyowekwa mpya ikawa inakatika kila mkioga inasema kweli: hapo hita bado inavujisha umeme.

Valvu ya hita inadondosha maji. Naiziba vipi? (Kiembesamaki)

Usiizibe kwa hali yoyote. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 26 hadi 60 zinaongezeka kwa lita 0.7 hivi, na kwa kuwa valvu hairuhusu maji kurudi nyuma, ziada hiyo inatoka kwa tone. Ukiona nusu lita wakati hita inawaka na kisha inakata, valvu iko salama. Funga mpira mdogo, uteremke mpaka kwenye mfereji wa sakafu, mdomo wazi.

Ikidondosha mchana kutwa hata hita ikiwa baridi, mchanga au chokaa imekaa kwenye kiti chake. Inua kijiti mara tatu nne ili maji yausukume uchafu. Isipokatika, valvu mpya. Mafundi wengine watasema presha ya maji ni kubwa. Kama maji yako yanatoka kwenye simtanki juu ya dari, mita 4 juu ya hita, presha ni 0.4 ya baa, na valvu imewekwa kufunguka kwenye 7 au 8. Presha haimo. Aliye na pampu ya presha ndiye apime.

Hita ya jua, mirija 20 ya kioo. Miaka miwili ya mwanzo maji yalikuwa yakiunguza, sasa hata mchana wa jua kali ni vuguvugu. Tumeosha vioo, hakuna mabadiliko. (Mama wa familia, Wete)

Anza na jaribio lisilohitaji kupanda juu, mama. Funga koki ya bomba linaloteremsha maji ya moto kutoka kwenye hita ya jua. Nenda bafuni, fungua bomba la moto peke yake, subiri mrija unyamaze. Maji yakiendelea kutoka kwa nguvu, yanatoka wapi? Yanatoka upande wa baridi. Mahali fulani nyumbani kuna koki ya kuchanganya ambayo mpira wake wa ndani umekufa, au shawa ya mkono iliyofungwa kwenye kichwa chake huku koki mbili za ukutani zimeachwa wazi. Baridi inapita humo na kuingia kwenye bomba la moto la nyumba nzima. Hita ya jua inalaumiwa, na kosa liko kwenye sinki la jikoni. Funga koki za kuchanganya moja baada ya moja mpaka maji yakatike. Ya mwisho uliyoifunga ndiyo yenye kosa.

Maji yakikatika palepale, panda juu asubuhi mapema. Kila mrija una doa la fedha linalong'ara kwenye ncha yake ya chini. Doa hilo likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia baina ya kuta mbili za kioo na mrija huo haupashi tena. Mmoja kati ya 20 hauleti tofauti ya kuonekana. Mitano au sita ndiyo utakayoisikia mkononi.

Kubadilisha: fanya kabla ya jua kupanda au siku ya mawingu. Funga maji, toa yote ya tangini. Vaa glavu nene. Mrija wa milimita 58 kwa 1800 unabeba karibu lita 3, kwa hiyo uunge mkono chini unapoutoa. Mpira wa shingoni upake maji ya sabuni; mafuta huulainisha na kuuharibu. Ingiza kwa kuzungusha, bila ya kugonga.

Na kuna jambo linalozipasua hita nyingi Unguja na Pemba, kwa sababu maji yetu ni ya mgao. Tangi limekauka asubuhi, jua limepiga mirija mitupu mpaka mchana, kisha maji yanarudi saa 8 na kuingia baridi kwenye kioo kinachounguza. Kioo hupasuka hapohapo. Weka koki kabla ya hita, na maji yakikatika kwa muda mrefu ifunge mpaka usiku, au ifunike mirija kwa gunia. Angalia pia kitundu cha hewa juu ya tangi. Nyigu hupenda kujenga humo, na tangi lililozibwa linaweza kufyonzwa likabonyea maji yanapotoka.

Mwelekeo: tuko nyuzi 5 au 6 kusini ya ikweta, na mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini kwa karibu nyuzi 30. Mirija itazame kaskazini. Aliyekufungia ikitazama kusini kafuata karatasi ya nchi nyengine.

Nyumba yetu ni ya mawe, Malindi ndani ya Mji Mkongwe. Tumetundika hita ya lita 80 kwa bolti za kutanuka na ukuta umeanza kumwagika. (Ndugu wawili)

Iteremsheni kabla haijajiteremsha. Imejaa, hita hiyo ina uzito wa kilo 100 na zaidi, na bolti ya kutanuka inashika kwa kuusukuma ukuta kwa ndani. Kwenye zege inashika. Kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa inausaga tu ukuta kuwa unga, na kila hita inapojaa na kutoka, tundu linapanuka.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni meza ya chuma cha pembe, sentimita 10 juu ya sakafu, hita imesimama kwa upande uleule ambao kiwanda kimekusudia na imefungwa ukutani kwa ajili ya kutoanguka tu. Iwekeni karibu na ukuta ambapo vichwa vya boriti vimelala. Katikati ya chumba ndipo boriti zinapopinda. Chini yake wekeni sinia lenye mrija wa kutolea maji, kwani sakafu ya chokaa ikinywa maji, boriti huoza bila ya dalili mpaka siku mguu unapozama. Njia ya pili ni bolti za milimita 12 zinazopita ukuta mzima, na bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15 upande wa pili. Kuta hizo mara nyingi zina nusu mita na zaidi, kwa hiyo mtahitaji fimbo za nati ndefu. Ukuta ukiwa wa nje, ulizeni kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Tundu lililomwagika lijazeni kwa chokaa na mawe madogo. Saruji inaziba unyevu, na chumvi itaubambua ukuta pembeni yake.

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Chake, niko Leicester kwa masomo. Nyumba tuliyopanga ina rejeta za ukutani. Ya chumbani kwangu ni ya moto chini, baridi juu. Ya mwenzangu haipati moto kabisa. Mwenye nyumba anachelewa kujibu.

Wa alaykumu salaam. Rejeta hizo ni jamaa wa ile ya gari: maji ya moto yanatoka kwenye boila, mtambo wa kupashia maji, yanazunguka nyumba nzima na kurudi.

Yako ina hewa. Hewa hupanda juu na maji hayawezi kuifukuza. Zima upashaji, subiri rejeta ipoe, maana maji yanayotoka yanaunguza na ni meusi. Kwenye kona moja ya juu kuna tundu dogo lenye pini ya pembe nne. Duka lolote la vifaa huko linauza ufunguo wake kwa bei ya chai. Shika kitambaa chini yake, zungusha kinyume cha saa robo mzunguko hadi nusu, usizidishe, pini ikitoka yote utaosha zulia. Utasikia hewa ikifuka. Maji yakianza kutoka mfululizo, funga.

Kisha tazama geji kwenye boila. Mfumo ukiwa baridi isome baina ya baa 1 na 1.5. Ikiwa imeshuka, kuna mrija wa kujazia wenye koki ndogo mbili chini ya boila. Zifungue taratibu mpaka 1.3 hivi, na uzifunge zote mbili. Ukizisahau wazi presha itafika 3 na valvu itamwaga maji nje. Usifungue kifuniko cha boila lenyewe. Ikiwa ni la gesi, sheria ya Uingereza inamruhusu fundi aliyesajiliwa Gas Safe tu.

Ya mwenzako, angalia kile kichwa chenye namba kilicho pembeni chini. Kiweke kwenye namba ya juu kabisa, kisha ufungue pete yake kwa mkono ukivue. Ndani kuna kipini cha chuma. Kibonyeze kwa kitu bapa: kinatakiwa kuzama milimita chache na kurudi chenyewe. Kikiwa kimegandia chini, ambayo ndiyo habari ya kawaida baada ya kiangazi kizima bila ya kutumika, kigonge kidogokidogo ubavuni mwa valvu, kitie tone la mafuta mepesi, kibonyeze na kukiachia mpaka kilegee. Usikivute kwa koleo. Kikitoka kizima maji hayazuiliki.

Kipini kikiwa huru na rejeta bado baridi, upande wa pili kuna valvu yenye kofia ya plastiki. Huenda imefungwa. Ihesabu mizunguko ukiifungua, ili uweze kuirudisha. Na rejeta iliyo ya moto juu na pembeni lakini baridi chini katikati haina hewa. Ina tope jeusi la kutu, na hiyo ni kazi ya kusafisha mfumo, gharama ya mwenye nyumba. Vilevile ukiwa unatoa hewa kila wiki, mwandikie tena: ama maji yanavuja, ama kutu inaendelea ndani na kuzaa gesi, na mfumo unataka dawa ya kuzuia kutu.

Kanga na mashuka msiyakaushie juu ya rejeta huku madirisha yamefungwa. Ukungu mweusi wa kuta za huko unaanzia hapo.

Maji ya moto yananuka yai bovu, ya baridi hayanuki. (Makunduchi)

Basi kisima hakina kosa. Kuna vijidudu ndani ya hita vinavyokula salfeti iliyomo majini, na fimbo ya magnesiamu inavisaidia. Hutokea zaidi hita ikikaa siku nyingi imezimwa au imewekwa kwenye nyuzi 40.

Zima breka, toa nusu ya maji, mimina mililita 70 za Jik ya kawaida isiyotiwa manukato kwa tangi la lita 50 kupitia tundu la fimbo likiwa juu ya tangi, au kupitia bomba la moto likiwa chini, jaza maji, acha saa 2 au 3. Kisha mwaga yote na suuza mpaka harufu ya klorini iishe. Kama umetoka kutoa ukoko kwa siki au ndimu, suuza tangi mara mbili kabla ya kutia Jik, kwa sababu asidi na Jik zikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo. Baada ya hapo pasha hadi 65 au 70 kwa saa chache, urudi kwenye 60. Harufu ikirudi ndani ya miezi michache, badilisha fimbo ya magnesiamu kwa ya aluminiamu yenye zinki. Usiiondoe tu ukaacha tundu limezibwa, ingawa harufu itakwisha: kwa maji ya Makunduchi tangi lisilo na fimbo litatoboka mapema.